Mapengo ya Katikati

Wifi yangu hunawa mikono mara kumi na tano kwa siku. Simsingizii, nimewahi kumhesabia. Hunawa akifika karakanani, hunawa akishika komeo la mlango, hunawa akipewa mkono na tajiri, na hapo hunawa mpaka kwenye viwiko. Wafumaji wamempa jina la Mama Kinyaa. Analijua na wala halimsumbui. Lilinisumbua mimi, maana yeye ni dada wa mume wangu, na mtu akitaka kumsengenya hunitazama mimi kwanza aone kama nitacheka. Nilikuwa nacheka.

Lakini tumpe haki yake, karakana yetu inatia kinyaa kweli. Ni chumba kimoja kirefu cha bati chenye vitanda sita vya kufumia na dirisha moja lisilofunguka, kwa sababu tajiri alilipigilia misumari mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Nyuzi za mtande, zile zinazolazwa kwa urefu kabla mshindio, uzi wa upana, haujapitishwa, tunazipaka uji wa unga ili zisinyonyoke. Uji huo hukaa kwenye ndoo siku nne, siku tano, ukachacha, ukaota utando wa kijani, na harufu yake ikakuingia kwenye nywele ukaenda nayo kanisani au msikitini kwako. Mende wanaupenda kuliko sisi tunavyoupenda mshahara. Kikombe cha maji ni kimoja kwa watu wote. Mfumaji akitaka kuunga uzi uliokatika huilamba ncha kwa ulimi, uzi ulioshikwa na mikono kumi na kuburutwa sakafuni, kisha hutema pale pale alipo. Na tajiri mwenyewe, bwana mkubwa, hukaa kwenye kiti chake karibu na kapu la nyuzi, akachomoa kipande, akajichokonolea nacho sikio, akakitazama, halafu akakirudisha kapuni. Hakitupi! Eti uzi ni mali.

Katikati ya uchafu huo wifi alikaa miaka ishirini na mitatu akiwa mtandaji. Mfumaji anaweza kuwa hodari wa namna gani, kama mtande umetandwa vibaya hana lake. Nyuzi lazima zienee sawasawa katika upana wote wa nguo, zisisongamane huku zikaachana kule, na kinachozipanga ni chanuo. Chanuo letu ni ubao wa mita moja hivi uliopandwa meno ya mti, jino kwa jino, kila moja unene wa kidole cha mtoto. Kati ya jino na jino kuna pengo, na kila pengo hupokea kicha kimoja cha nyuzi. Mtandaji akishajaza mapengo yote hufunga ubao mwembamba juu ya meno ili nyuzi zisiruke, ndipo mtande unavutwa na kuviringishwa kwenye gogo la nyuma ya kitanda. Nasikia karakana nyingine zina kitana cha pili cha kusahihisha makosa ya cha kwanza. Sisi hatuna. Kwetu chanuo likikosea, nguo imekosea.

Kila asubuhi wifi akishanawa hupitisha kidole gumba juu ya meno ya chanuo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Krrrrr. Akiridhika na mlio ndipo huanza kupanga vicha, na hapo ndipo watu walipokuwa wakimcheka zaidi, kwa sababu hahesabu moja, mbili, tatu. Anahesabu ukoo. Pengo la kwanza ni babu yake, la pili bibi yake, halafu baba, mama, shangazi wakubwa kwa wadogo, wajomba, watoto wao, walio hai na waliokufa, kwa kufuatana bila kuruka mtu. Chanuo lina mapengo arobaini na manne. La arobaini na tatu ni kaka yake, yaani mume wangu. La arobaini na nne, la mwisho kabisa pindoni, ni mimi. "Wifi," husema kwa sauti, na kufunga.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asihesabu kama watu wengine.

"Namba unaweza kuruka ukasahau," alinijibu. "Ukimruka shangazi, utajua."

Mwenyewe aliolewa mara moja, miezi minane tu. Bwana yule alikuwa na mazoea ya kuonja mchuzi kwa kidole, akakilamba, akakirudisha sufuriani kilekile. Wifi alibeba beseni lake na kanga zake mbili akaondoka. Nilimwambia kwamba angevumilia tu, wanaume wote wana kasoro.

"Ningevumilia kidole kimoja," akasema. "Alikuwa navyo kumi."

Hana mtoto wa kumzaa, lakini amelea. Mama yao alipofariki wifi alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wake, ndiye mume wangu leo, sita. Alikuja kuomba kazi hapa akiwa amemshika mkono, na mtoto alilala mchana kwenye kapu la mabaki ya nyuzi huku dada yake akifundishwa kutanda. Alimsomesha, akampeleka kwa seremala kujifunza ufundi, akamlipia mpaka mwisho, naye sasa ndiye seremala wa karakana. Kazi ya kwanza ya maana aliyoitengeneza mdogo wake ni hilo chanuo la mapengo arobaini na manne. Wifi alilionyesha kwa kila mtu aliyeingia mlangoni, hata aliyekuja kuuza karanga. Amemzidi miaka kumi na moja, lakini humwita kaka, kama wanavyofanya dada wengi wakimpenda sana ndugu yao. Mimi nilipoolewa nilikuta mapenzi hayo yamejaa nyumba nzima, nikawa natafuta pa kuweka yangu.

Sasa tuje kwenye uchafu wenyewe.

Hospitali iliagiza vitambaa mia mbili vya machela, vile vinavyopitishwa miti miwili pembeni ili mgonjwa abebwe katikati. Ni nguo nzito, yenye pindo nene, na kazi yake ni moja tu, isimwangushe mtu. Nyuzi zilizokuwepo stoo hazikutosha. Mtu mwenye akili angesema hazitoshi. Tajiri alikuja nyumbani kwetu Jumapili mchana, akakaa kwenye kiti chetu cha uani, akavua viatu bila kuombwa, miguu ikanuka mpaka kuku wakahama, akamwambia mume wangu amtengenezee chanuo jipya. Pembeni meno yakaribiane kama kawaida. Katikati yaachane. Vicha thelathini na sita badala ya arobaini na vinne, na upana uleule.

"Wakaguzi wanapima urefu, wanapapasa pindo," alisema. "Nani anapima tumbo?"

Akacheka na kuchokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti. Kisha akatamka lile neno alilokuja nalo. Kazi ikiisha salama, mume wangu atakuwa msimamizi wa karakana.

Alipoondoka nilimuuliza mume wangu, "Na mgonjwa akidondoka?"

"Machela ni hatua ishirini tu, mke wangu. Kutoka kwenye gari mpaka kitandani. Watu wanazungumza utafikiri watalala humo mwaka mzima."

"Dada yako je?"

"Dada mgonjwa. Akirudi atakuta kazi imeisha."

Ni kweli, wifi hakuwepo. Alikuwa ameshikwa na mdudu wa kidole, kidole gumba kilekile cha kupitisha kwenye meno, kimevimba na kutunga usaha, na daktari alimpa wiki mbili za kukaa nyumbani. Sote anaotukaripia kwa kulamba nyuzi tuko wazima, akaugua yeye anayenawa. Watu walicheka sana karakanani. Nami nilicheka.

Basi niliuliza swali langu mara moja, halafu nikanyamaza. Mume wangu alipotaka kuchora mistari ya meno aliniomba nimshikie ncha ya kamba, nikaishika. Aliniambia niivute zaidi, nikaivuta. Alipomaliza kupigilia nikafagia mabaki ya mbao uani, nikapika, tukala, na chakula kikapita kooni vizuri tu. Hilo ndilo linalonichefua kuliko miguu ya tajiri. Ningetapika siku ile ningekuwa na la kujitetea. Sikutapika. Niliongeza mboga.

Tajiri alitaka watu wachache wajue, kwa hiyo wengine waliendelea kufuma mifuko na mazulia, na machela nikapewa mimi. Mume wangu alitanda kwa chanuo lake jipya, nami nikafuma. Ukifuma mtande wenye mapengo makubwa unaona sakafu kupitia kwenye nguo. Dawa yake ni uji. Tajiri aliamuru vitambaa vipakwe ule uji uliochacha mara mbili, mara tatu, vikakauka vikasimama vyenyewe kama mbao. Ukikishika unasema hiki ndicho kitambaa. Siku ambayo kingefuliwa mara ya kwanza kingegeuka chandarua, lakini siku hiyo kingekuwa tayari hospitalini na sisi tuko mbali. Nilifuma kumi na viwili. Mikono ilininuka uji ule hata nikiwa nakanda unga wa watoto wangu, na mume wangu akaniuliza nina nini siku hizi, mbona nanawa kama dada.

Wifi akarudi Jumatatu. Kidole kilikuwa kimepona, ukucha umekufa, mweusi. Alitusalimu wote, akampapasa tumbo mfumaji wa kitanda kilicho jirani na changu, binti tunayemwita Kicheko kwa sababu ya tabia yake, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba. Akanawa. Akaliendea chanuo jipya, akapitisha kidole gumba.

Krrr. Tak. Tak. Tak. Tak. Krrr.

Akanawa tena, akarudia. Kisha akaanza kupanga vicha, babu, bibi, baba, mama, na mimi nikainamia mshindio wangu nisimwone. Nilimsikia akifika kwa watoto wa shangazi. Kisha kimya.

"Wifi," aliniita.

"Abee, wifi."

"Humu ndani wewe humo."

"Wapi?"

"Kwenye chanuo. Nimefika mwisho wa ubao na wewe bado. Kaka naye bado. Watoto wenu wote wamebaki nje."

Nilicheka, kicheko kibaya, kikavu. Akaja mpaka kitandani kwangu, akasimama karibu, akashusha sauti ili Kicheko asisikie. Sikuwahi kumwona hivyo hata siku moja. Mtu yule anayemkaripia tajiri kwa kukohoa bila kuziba mdomo alikuwa ananiuliza kama mtoto anayeogopa jibu.

"Niambie kweli. Kaka kakosea, au kakusudia?"

Ningesema wakati ule. Hapakuwa na mtu ila mimi na yeye. Lakini mume ni mume, na usimamizi ulikuwa umeshahesabiwa nyumbani, na mimi, tuseme ukweli, sikutaka atazame mikono yangu.

"Atakuwa kakosea, wifi. Macho yake siku hizi mabaya. Juzi kamwaga chai akidhani kikombe kiko pale."

Uongo ukiupamba kidogo unasimama wenyewe. Uso wake ulifunguka, akashusha pumzi, hata akaniegemea bega, yeye asiyeegemea mtu.

"Nilijua," akasema. "Nilijua. Huyu si mtoto niliyemlea mimi akafanya kitu cha namna hiyo. Masikini, macho! Na hakusema!"

Akaenda moja kwa moja kwa mume wangu aliyekuwa akiranda ubao nyuma. Nilisikia yote. Alimwambia kwamba kukosea ni kwa kila mtu, kwamba chanuo litarekebishwa bila kelele, kwamba yeye atatafuta namna ya kumpeleka kwa daktari wa macho. Na mume wangu, baba wa watoto wangu, alifanya nini? Alijifikicha macho. Alijifikicha yote mawili kwa ngumi, polepole, akasema, "Kweli dada, siku hizi naona ukungu."

Nilitaka kumtemea mate. Halafu nikakumbuka ukungu huo nani kauanzisha.

Siku mbili zilipita na chanuo halikurekebishwa. Wifi akamuuliza tajiri, tajiri akamwambia atande na hilohilo, nyuzi mpya ni nene, hazihitaji kubanwa. Wifi akakataa, akasema atasubiri kaka apone macho. Alikaa kwenye kiti chake na mikono mapajani siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyozikwa baba yao. Vitambaa vyangu kumi na viwili vilikuwa vimekunjwa kwenye rafu, vimekakamaa, vinanuka.

Jumatano alasiri Kicheko alichomwa na kibanzi kwenye kidole. Kilikuwa kidogo, hata mimi niliyemshika mkono sikukiona. Alilia huku anacheka, kama kawaida yake. Mume wangu akapita, akasema lete hapa, akamgeuza kidole kwenye mwanga wa mlangoni na kukichomoa kibanzi kwa ncha ya kisu, mara moja tu, bila kukunja uso. Kicheko akampigia makofi. Mume wangu akacheka na kurudi kwenye randa yake.

Niliinua macho nikamkuta wifi anamtazama. Alikwenda kunawa, na safari hii alikaa bombani muda mrefu mno.

Alhamisi wakati wa mapumziko ya mchana, tajiri akiwa ametoka, wifi alichukua kitambaa kimoja kutoka rafuni, akakipitisha miti miwili, akaiegemeza miti kwenye viti viwili. Chini yake akapanga magunia matatu ya mabaki ya nyuzi, yakakaribia kugusa kitambaa. Niliyaona yale magunia lakini akili yangu haikuyatia maanani. Watu walikuwa wanakula, wengine wamekwisha, wanachokonoa meno kwa nyuzi za kapuni.

"Jamani," wifi akasema, "hivi vitu vinakwenda kubeba watu. Sisi tunaovifuma hatujawahi hata kuvilalia. Leo tupumzike kidogo kama wagonjwa. Nani anaanza?"

Mama Kinyaa kufanya mchezo! Watu walishangazwa na jambo lenyewe kabla hawajacheka. Mfumaji wa kitanda cha mlangoni, kijana mfupi mwenye domo, aliruka wa kwanza, akalala, akapiga kelele za mgonjwa, akaomba maji na mchumba. Wa pili akalala akajifanya amekufa. Kitambaa kililia kidogo, uji ulipasuka ukaanguka chini unga mweupe, lakini kilishika. Hakuna aliyeogopa. Kwa nini waogope? Wao walikuwa wanakiona kitambaa kipya kinene, kazi ya mikono yetu.

"Kaka," wifi akasema. "Zamu yako."

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango. "Aa, mimi nina kazi, dada."

"Ni kulala tu. Sekunde moja."

"Nitakivunja, mimi mzito."

Watu wakaangua kicheko, maana mume wangu ni mwembamba kama ufito, upepo ukivuma namfungia suruali kwa kamba. Kijana mfupi akasema, "Fundi anaogopa sindano!" Wifi hakucheka. Alimnyooshea mkono ndugu yake, kiganja juu, vile mtu anavyomwita mtoto anayejifunza kutembea.

"Njoo, kaka. Ukilala tu, yamekwisha. Sitauliza tena."

Nilimwomba Mungu alale. Leo nakumbuka magunia yalikuwa chini yake, angeumia nini? Lakini mume wangu hakutazama magunia, alitazama katikati ya kitambaa, pale anapopajua. Akasema misumari imemwishia, akatoka nje. Tulimsikia akitembea juu ya kokoto mpaka mlio ukaisha.

Wifi alibaki na mkono wake hewani. Kisha akaushusha, akaupangusa kwenye gauni mara mbili, mara tatu. Ndugu aliyemlea alikuwa amemjibu mbele ya watu, na watu wenyewe hawakujua kwamba kuna swali limeulizwa. Walikuwa bado wanacheka.

"Haya wifi," akanigeukia. Sauti yake ilikuwa laini. "Wewe basi. Angalau wewe."

"Mgongo, wifi. Leo mgongo unaniuma toka asubuhi."

"Si ndiyo wagonjwa hulala?"

"Hapana, kweli, acha."

Alinitazama. Sina hakika kama alikuwa ameshajua wakati ule. Nafikiri alikuwa bado ananitafutia sababu, kwa sababu macho yake yalishuka kwenye mgongo wangu kama anayetaka kuona unaumia wapi.

Ndipo Kicheko alipoinuka. "Jamani nipisheni! Mimi ndiye mwenye haki. Miguu imevimba kama maboga, na huyu humu ndani hajaniacha nilale tangu juzi. Nikilala hapo msiniamshe mpaka saa kumi." Alishika mti mmoja kwa mkono, tumbo mbele, akajigeuza aketi, akaanza kujishusha kwa mgongo, yeye na mzigo wake wote, katikati kabisa ya kitambaa.

"Usikalie!" nilipiga kelele. "Toka! Kitachanika!"

Sikujua kwamba nina sauti ya namna ile. Kicheko aliganda nusu ameinama, akakamata mti. Kijana mfupi akamshika kwapa akamwinua. Hakuna aliyekuwa anacheka sasa. Kila mtu alikigeukia kitambaa, kinene, cheupe, kizima, kilichokwishalaliwa na wanaume wawili bila kuchanika. Wifi hakukitazama. Alinitazama mimi.

"Umejuaje?" akaniuliza.

Nilitafuta uongo. Mimi niliyembunia mume wangu chai aliyomwaga, nilitafuta hata kipande nikakosa. Wifi alikuwa ameniambia chanuo lina kasoro, lakini hakumwambia mtu yeyote, hata mimi, kwamba vitambaa vya rafuni vitachanika. Wengine aliwaficha hata habari ya chanuo tangu Jumatatu, kumsitiri kaka yake. Katika chumba kile, aliyejua hilo bila kuambiwa ni aliyekuwepo chanuo lilipotengenezwa.

Wifi akasogea kwenye kitambaa. Akaweka viganja viwili katikati, akasukuma chini kwa uzito wake wote. Uji ulikatika kwa mlio wa karatasi, nyuzi zikaachana kushoto na kulia, na mikono yake ikapita mpaka kwenye vifundo, ikatokea upande wa pili juu ya magunia. Alikaa hivyo kidogo ili kila mtu aone. Kicheko alishika tumbo lake kwa mikono yote miwili, akaanza kulia, na safari hii hakuchanganya na kicheko.

"Mimi ndiye niliyemshikia kamba," nikasema. Hakuna aliyeniuliza tena.

Vitambaa vyote kumi na viwili nilivifumua mwenyewe, kwa vidole, wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa karibu yangu kunisaidia. Tajiri alirudi akafoka, akawaita wafumaji wajinga, wala bure, wasaliti. Wafumaji waliondoka kwenye vitanda vyao wakasimama ukutani, mikono nyuma, mpaka akachoka. Chanuo la zamani lilirudishwa na hospitali ikaambiwa ingoje nyuzi. Mume wangu hakupata usimamizi. Anaranda mbao zake, anakula, analala, na kama unamuuliza atakuambia dada yake ana makuu. Nikimsikia hivyo najisikia kichefuchefu, kisha nakumbuka nilikaa upande gani wa kamba, kinaongezeka.

Wifi bado ni mtandaji wetu. Hanuni, hagombi. Asubuhi ananisalimia vizuri, na watoto wangu bado anawaita wanangu, anawakata kucha na kuwaosha masikio kila Jumamosi kama zamani. Nilidhani mambo yatapoa yenyewe.

Wiki iliyopita Kicheko alijifungua mtoto wa kike. Tulikwenda kumtazama, mimi na wifi, kwa sababu zamu zetu zilikwisha saa ileile, tukajikuta tumefika mlangoni pamoja. Mama yake Kicheko, mwanamke mchangamfu asiyejua habari zetu, alitupokea vikapu, akatuketisha mkeka mmoja, akatutazama mmoja baada ya mwingine akitafuta tumefanana wapi.

"Na huyu ni nani wako?" akamuuliza wifi.

Nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu, kama mtu afanyavyo anapotambulishwa.

"Tunafanya kazi mahali pamoja," akasema.